Kufuatilia Ukoo Wako Katika Kumbukumbu za Zamani za Wilaya na Kaunti: Mwongozo Kamili

Kisa huwa ni kilekile. Mtu ameamka alfajiri, amepanda matatu hadi makao makuu ya kaunti, amepanga foleni, na alipofika dirishani akataja jina la babu yake. Karani akapekua kidogo, akatikisa kichwa: "Hakuna." Akarudi nyumbani akiamini kwamba kumbukumbu za ukoo wake zilipotea. Mara nyingi hazikupotea. Aliziulizia kwa njia ambayo ofisi haikuwahi kuzipanga.

Ofisi za wilaya za Kenya hazikupanga faili kwa ukoo. Zilipanga kwa mahali: wilaya, lokesheni, chifu, namba ya shamba. Jina la babu limo humo ndani, lakini mlango wa kuingilia ni mahali. Ukilishika hilo, hatua zilizobaki zitakufungukia. Mfano nitakaourudia ni wa kwetu Bunyore, kaunti ya Vihiga, kwa sababu ndiyo njia niliyoipita mwenyewe, nikakosea, nikaanza upya.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Daftari gumu na penseli. Kalamu ya wino haitakiwi karibu na karatasi kuukuu.
- Kitambulisho chako pamoja na nakala mbili.
- Simu ya kurekodi sauti na kupiga picha.
- Karatasi zote zilizomo nyumbani: hatimiliki, kipande, kadi za ubatizo, stakabadhi za kodi, barua za mwajiri, vyeti vya vifo, hata vijitabu vya mazishi. Usidharau kijitabu cha mazishi. Wasifu wa marehemu huandikwa na familia nzima ikiwa imekaa pamoja, na mara nyingi ndio mahali pekee ambapo majina ya wake wote na watoto wote yamewahi kuandikwa.
- Pesa kidogo za ada na nakala. Dai stakabadhi kila mara.
- Subira ya miezi kadhaa.

Kama kuna kipande cha babu kwenye sanduku la nyanya, umebahatika. Kipande kilikuwa cheti ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kuanzia mwaka 1920 hivi, na kinaweza kukupa jina lake, baba yake, wilaya, chifu na waajiri wake. Kipige picha pande zote kabla ya jambo lolote, maana karatasi hizo huvunjika mkunjoni.

## Hatua ya 1: Kaa na wazee, lakini uliza maswali yanayofungua faili

Wengi huanza kwa "Babu ya babu aliitwa nani?" Mzee atakupa majina saba mfululizo. Yaandike kwa heshima, kisha uendelee, kwa sababu majina peke yake hayatakusaidia ofisini. Unachohitaji ni haya:

- Babu alilipa kodi kwa chifu gani?
- Kabla ya hapa tulipo, boma lilikuwa wapi? Amezikwa wapi?
- Alibatizwa misheni gani, na jina la ubatizo ni lipi?
- Shamba lilipopimwa na kuwekwa mipaka wakati wa demakesheni, liliandikwa kwa jina la nani?
- Aliwahi kushtakiana na mtu kuhusu mpaka?
- Alifanya kazi wapi: reli, shamba la mzungu, jeshi?

Swali la mpaka ndilo linalosahaulika, nalo ndilo lenye mali nyingi. Utaona sababu katika hatua ya 8.

Nenda kwa akina nyanya na mashangazi kabla ya akina babu. Wanaume hukumbuka mstari wa baba. Wanawake hukumbuka nani aliolewa wapi, nani alilelewa na nani, na mtoto yupi aliletwa nyumbani na mama yake. Mhoji kila mzee peke yake. Wakikaa pamoja, mkubwa husema na wengine huitikia.

Tahadhari: mwambie mzee mapema kwamba hutafuti shamba. Mjukuu anayekuja na daftari kuuliza mipaka huzua hofu, na mzee mwenye hofu atanyamaza au atakupa habari za kukupoteza.

Hatua hii imekamilika ukiwa na jina la mtu mmoja, jina la chifu mmoja na jina la mahali pamoja, vyote vya kizazi kimoja. Hizo nguzo tatu zinatosha kuanzia.

## Hatua ya 2: Geuza simulizi kuwa miaka

Usimuulize mzee alizaliwa mwaka gani. Muulize, "Nzige walipokuja, ulikuwa unachunga mbuzi au ulikuwa bado mgongoni?" Jibu litakuja papo hapo.

Matukio ya kutundikia miaka ni haya: reli kufika Kisumu (1901), vita vya kwanza na kuchukuliwa kwa makaria, yaani wapagazi wa jeshi (1914 hadi 1918), homa kubwa (1918), nzige (1928 hadi 1931), vita vya pili (1939 hadi 1945), Hali ya Hatari (Oktoba 1952), mafuriko makubwa (1961), Uhuru (1963). Kila jamii ina yake pia. Wakikuyu wanaitaja njaa ya Ruraya na Wakamba wanaitaja Ngomanisye, zote za miaka ya 1898 na 1899. Rika la tohara nalo ni kalenda, ila kwa Wanandi jihadhari: majina ya rika huzunguka na kurudi, hivyo Maina wa leo si Maina wa babu wa babu yako.

Andika kila mwaka kama kipindi, kwa mfano "kati ya 1910 na 1914", kamwe usiandike mwaka mmoja kana kwamba umeuona kwenye cheti. Faili nyingi hupangwa kwa mwaka, na ukijifungia kwenye mwaka mmoja usio sahihi utafungua faili zisizokuhusu kutwa nzima.

## Hatua ya 3: Tafuta mahali pako paliitwaje zamani

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na ndipo nilipokwama mimi.

Kaunti 47 zilianza kazi mwaka 2013. Kumbukumbu za babu yako hazikuandikwa chini ya kaunti. Angalia kwetu: Vihiga ilikatwa kutoka wilaya ya Kakamega. Kabla ya hapo eneo hilo lilikuwa ndani ya North Nyanza, na kabla yake North Kavirondo. Ukirudi nyuma ya mwaka 1902, utakuta Kavirondo haikuwa hata sehemu ya himaya iliyokuja kuwa Kenya. Ilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Mtu anayetafuta "Vihiga" katika orodha ya faili za mwaka 1925 hatapata kitu, ilhali Bunyore imejaa ndani ya faili za North Kavirondo.

Mifano mingine: Murang'a iliitwa Fort Hall. Siaya na Kisumu zilikuwa Central Nyanza, awali Central Kavirondo. Homa Bay na Migori zilikuwa South Nyanza, awali South Kavirondo. Kwale utaikuta katika wilaya ya Digo.

Chora ngazi: kijiji, sab-lokesheni, lokesheni, wilaya, mkoa. Ijaze mara tatu, kwa leo, kwa mwaka wa Uhuru, na kwa miaka ya 1920. Ofisi ya chifu wa leo na mzee wa kijiji watakusaidia kujua lokesheni yenu ilikatwa kutoka wapi.

Tahadhari: chifu wa kwenye karatasi huenda hakuwa wa ukoo wenu wala wa kabila lenu dogo. Kule North Kavirondo serikali iliwaweka mawakala Wawanga, watu wa mfalme wao Nabongo Mumia, juu ya koo nyingine nyingi. Ukiona babu ameandikwa chini ya Mwanga, usihitimishe kwamba ninyi ni Wawanga.

## Hatua ya 4: Andika kila tahajia ya jina

Karani alikuwa akisikia kwa sikio la kwao na kuandika kwa kalamu ya ofisi. Mluhya anasema "Andayi", anaandikwa Andai, Andae, hata Handai. Wanjohi huwa Wanjoi. Mung'eresa hugeuka Mungeresa, na ng' ikidondoshwa kabisa linakuwa jina jingine. P na B, T na D, K na G, L na R hubadilishana viti kila wakati.

Tengeneza ukurasa mmoja wenye tahajia zote unazoweza kufikiria, na utembee nao. Ongeza jina la ubatizo, jina la utani la kazini na jina la baba, maana huyo huyo mtu anaweza kuwa "Yohana" kanisani, "Andai wa Osundwa" kwa chifu na "Kalamazingo" kwa msimamizi wa shamba.

Kwa jamii zinazowaita watoto kwa majina ya mababu, desturi yenyewe ni ramani. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la baba wa baba yake na wa pili la baba wa mama, na kwa wasichana ni hivyo hivyo kwa upande wa nyanya. Kwa hiyo mpangilio wa majina ya watoto hukuambia majina ya kizazi cha juu. Lakini pia hukuletea Mwangi watano katika ukoo mmoja. Wape namba na usiwaunganishe mpaka uwe na mahali na mwaka wa kila mmoja.

## Hatua ya 5: Ingia kupitia ardhi

Nenda ofisi ya usajili wa ardhi ya kaunti ukiwa na namba ya shamba. Namba yenyewe inasema: huanza na jina la eneo la usajili, kwa mfano Butsotso/Shikoti, kisha tarakimu. Kama huna hatimiliki, jirani mliyepakana naye anayo, na namba yake itakuelekeza kwenye ramani ya sehemu hiyo ambako utaiona yenu.

Fanya "sachi" kwanza, yaani upekuzi rasmi wa rejista. Hiyo itakupa mmiliki wa sasa tu, na hapa watu huridhika wakaondoka. Wewe omba nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani. Kadi hiyo ndiyo rejista yenyewe na ina sehemu tatu: A inaeleza shamba, B inaorodhesha wamiliki kwa mfululizo tangu usajili wa kwanza, C inaonyesha mikopo na vizuizi. Unachotaka ni B. Mstari wake wa kwanza una jina na tarehe, na mara nyingi jina hilo ni la mtu aliyezaliwa kabla ya serikali kuanza kusajili vizazi vya Waafrika.

Kisha uliza ofisi ya uamuzi wa ardhi kuhusu rejista ya demakesheni na faili za pingamizi. Huko ndiko ndugu walisimama mbele ya kamati na kueleza nani ni mtoto wa nani na kwa nini kipande kile ni chake.

Tahadhari: usimpe mtu yeyote wa nje ya dirisha namba ya shamba wala hatimiliki asilia. Beba nakala. Na usidhani mmiliki wa kwanza ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Mara nyingi shamba liliandikwa kwa mwana aliyekuwepo siku ya kupimwa, wenzake wakiwa Nairobi kazini.

Umefaulu hapa ukipata jina moja la zamani kuliko lile ulilokuja nalo, au tarehe moja ya uhakika.

## Hatua ya 6: Vitabu vya misheni na vya kadhi

Usajili wa vizazi na vifo ulianza kuwalazimu Waafrika hatua kwa hatua baada ya 1963, ukaenea nchi nzima kufikia 1971. Kwa babu aliyezaliwa 1915, usipoteze nauli kutafuta cheti cha kuzaliwa. Tafuta ubatizo.

Uliza misheni iliyoanzisha kanisa lenu, hata kama mnasali kwingine leo. Kwetu Bunyore ni Kima. Kwa Wafrenzi (Wakweka) wa Tiriki na Maragoli ni Kaimosi, iliyoanza 1902. Nyeri kuna Tumutumu, Kikuyu kuna Thogoto, na Pwani kuna Rabai na Freretown, ambako vizazi vya watumwa walioachiliwa huru viliandikwa katika vitabu vya misheni ya Kianglikana.

Vitabu vya Kikatoliki vya zamani viliandikwa kwa Kilatini. Maneno machache yatakutosha: *natus* au *nata* ni kuzaliwa, *filius* mwana, *filia* binti, *patrinus* baba wa ubatizo, *obiit* alifariki. Angalia pambizoni: padre alitakiwa kurudi kwenye mstari wa ubatizo na kuandika ndoa ya mtu huyo, na parokia alikofungia. Nyanya aliyepotea kwenye karatasi baada ya kuolewa utampata kwenye pambizo hilo.

Kwa familia za Kiislamu za Pwani, nenda kwa kadhi uulizie vitabu vya ndoa na talaka. Halafu kuna madai ya ardhi chini ya Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Wenye mashamba na viwanja vya ukanda wa Pwani walitakiwa kujitokeza na kuthibitisha haki zao, na wengi walithibitisha kwa kusimulia urithi kutoka kwa baba na babu.

Fika parokiani na barua ya utambulisho, omba siku ambayo karani hana shughuli, na usiombe kuondoka na kitabu. Toa sadaka ukiweza.

## Hatua ya 7: Mirathi na Gazeti Rasmi

Faili ya mirathi ndiyo nyaraka bora zaidi kwa majina ya wanawake. Tangu Sheria ya Urithi ianze kutumika Julai 1981, anayeomba kusimamia mali ya marehemu hutakiwa kuapa na kuorodhesha waliobaki: wajane na watoto wote, mabinti wakiwemo, na kwa kawaida kuna barua ya chifu inayothibitisha. Hili ni kubwa, kwa sababu kwenye usajili wa watu, ule wa vitambulisho, wanawake hawakuandikishwa mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Nyanya yako anaweza kuwa hana karatasi hata moja ya serikali yenye jina lake mpaka siku aliyoandikwa mjane.

Namba ya kesi utaitoa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ambamo maombi ya mirathi hutangazwa yakiwa na jina la marehemu, alikoishi na tarehe ya kufa. Matoleo ya miaka mingi yamo mtandaoni bila malipo, kwenye tovuti ya Kenya Law na katika Google Books. Tafuta kwa tahajia zote za hatua ya 4, ukiongeza jina la lokesheni. Ukishapata namba, nenda masjala ya mahakama iliyotajwa uombe kusoma faili.

## Hatua ya 8: Jumba la Kumbukumbu za Kitaifa

Sasa, na si kabla ya sasa, ndipo uende Nairobi, kwenye lile jumba la Moi Avenue ambalo watu hupangia kukutana mbele yake bila kuingia. Anayekuja hapa na jina tupu atatoka na jina tupu. Wewe una wilaya ya zamani, kipindi, chifu na tahajia.

Lipia kadi ya msomaji, kisha uombe orodha ya faili za wilaya yako. Faili za mkuu wa wilaya zinaanza na DC na herufi za wilaya: DC/NN ni North Nyanza, DC/FH ni Fort Hall, DC/MKS ni Machakos, DC/KSM ni Kisumu. Za mkuu wa mkoa zinaanza na PC, kama PC/NZA kwa Nyanza na PC/COAST kwa Pwani. Anza na taarifa za mwaka na vitabu vya kumbukumbu za kisiasa vya wilaya, usome mambo ya lokesheni yako tu. Zitakutajia machifu, wazee wa mabaraza, ugomvi wa koo na kuhamahama kwa watu.

Kisha tafuta kesi. Mahakama za wenyeji zilisikiliza mashauri ya mipaka kwa miongo mingi, na katika mashauri hayo mdai aliulizwa: ardhi hii uliipataje? Akajibu kwa kutaja baba, babu, baba wa babu, nani alimkaribisha nani, nani alikuwa mpangaji. Karani akaandika. Hakuna nyaraka nyingine ya serikali inayokaribia sauti ya mzee mwenyewe namna hiyo. Mimi nilisoma ushahidi wa ndugu wa babu yangu, kurasa nne, nikasikia hata namna yake ya kukasirika. Baadhi ya faili hizi zimebaki kwenye mahakama za mitaani kwenu, kwa hiyo ulizia kote kuwili.

Familia za Kiambu, Murang'a na Nyeri zisipite bila kusoma ushahidi uliotolewa kwa Tume ya Ardhi iliyoundwa 1932, uliochapishwa katika vitabu vitatu. Mbari nyingi zilijieleza humo.

Ulioko ng'ambo, jua kwamba Chuo Kikuu cha Syracuse nchini Marekani kina maikrofilamu za sehemu kubwa ya faili hizi, na karatasi za CMS, ile misheni ya Kianglikana, ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza.

Tahadhari: ushahidi wa kesi ni maneno ya mtu anayetaka kushinda. Upande wa pili nao ulitoa ukoo wake, mara nyingi wenye kupingana. Soma pande zote mbili na uamuzi, ndipo uandike.

Kwa kila ukurasa uliokufaa, andika namba kamili ya faili, mwaka na ukurasa kabla ya kuandika habari yenyewe. Mara yangu ya kwanza nilinakili habari tamu bila namba, na ilinibidi kurudi kutoka Luanda, kwetu Vihiga, hadi Nairobi kwa ajili ya mstari mmoja.

## Hatua ya 9: Linganisha, kisha rudi kwa wazee

Kila kiungo cha mzazi na mtoto kipe alama: S kama ni simulizi tu, K kama kuna karatasi moja, KK kama karatasi mbili zisizotegemeana zinakubaliana, kwa mfano kadi ya kijani na kitabu cha ubatizo. Kiungo chenye S kibaki na S. Usikipandishe kwa sababu kinapendeza.

Karatasi na mzee wakipingana, usikimbilie karatasi. Karani alikuwepo dakika tano. Mzee alikulia kwenye boma hilo. Andika yote mawili, na useme kila moja limetoka wapi.

Utakutana na siri: mtoto wa nje, ukoo uliopokelewa kwa hisani ukapewa ardhi, babu aliyekuwa mtumwa. Habari za walio hai usizisambaze kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia. Zipeleke kwanza kwa mwenye nazo, faraghani, naye ndiye aamue.

Mwisho chapisha nakala tatu zenye alama na namba za faili: moja kwako, moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine, moja kwa mzee wa kwanza uliyemhoji. Msomee kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani, ukiwa na penseli mkononi, maana atakusahihisha.